Walisema amepona

Mdogo wangu alirudishwa nyumbani siku ya nane, amefungwa kanga mgongoni kwa mama, na mtaa mzima ukaja kumpokea. Ilikuwa masika ya 1994, Muheza, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Bibi alichinja jogoo. Kila aliyeingia alimgusa mtoto paji la uso akasema, “Alhamdulillahi, amepona.” Nilikuwa na miaka kumi, nikarudia maneno ya wakubwa: amepona.

Nimeishi na neno hilo miaka mingi kabla ya kuona lilivyotupumbaza. Kwa Kiswahili chetu aliyenusurika kufa amepona, na aliyeishiwa na maradhi yake amepona vilevile. Mdogo wangu alipona kwa maana ya kwanza. Ile ya pili tuliidhania tu, na kwa kudhani huko akachapwa fimbo shuleni miaka sita.

Degedege lilimshika usiku. Homa ilikuwa na siku mbili, na sisi tuliiita homa tu, akawa anapewa klorokwini. Nakumbuka kitanda kikitikisika kabla sijaelewa kinachokitikisa. Mama alipoleta kibatari nikaona macho ya mdogo wangu yamegeuka yote meupe, taya zimebana, povu linamtoka pembeni mwa mdomo. Bibi hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alisema dege limempitia mtoto, akatuma mtu akatafute mavi ya tembo ya kumfukizia, akakataza asipelekwe hospitali mpaka dege litoke, kwa sababu mwenye degedege akichomwa sindano haoni asubuhi.

Bibi yangu hakuwa peke yake. Watafiti waliokaa na akina mama wa Bagamoyo miaka ya tisini waliyakuta mambo hayohayo: homa ni ya hospitali, degedege ni la mganga, na mtu hachanganyi viwili hivyo. Nilipokuwa kijana nilimwona bibi mshamba. Sasa naona alikuwa anasoma alichokiona. Watoto wenye degedege walifikishwa hospitali wakiwa wamechelewa mno, wakachomwa sindano, wakafa. Mtu anayeona sindano ikifuatwa na maiti mara tatu nne katika kijiji kimoja, tunataka ahukumu vipi?

Karibu na alfajiri mtoto aliacha kuitika jina lake. Mama alimfunga mgongoni, akapiga magoti mbele ya bibi. “Mama, nipe radhi, naenda na mwanangu.” Bibi hakujibu. Alimshika mtoto mkono, akamfunga hirizi, akageukia ukutani. Mama akasimamisha lori la machungwa barabarani.

Kilichokuwa kikiendelea ndani ya kichwa cha mtoto yule nilikuja kukielewa baadaye sana. Vimelea vya malaria kali, Plasmodium falciparum, huingia kwenye chembe nyekundu za damu na kuzifanya zinate kwenye kuta za mishipa. Katika ubongo mishipa ni myembamba kuliko unywele, kwa hiyo chembe zikinata damu hupita kwa taabu. Sukari ya damu nayo hushuka, na kila degedege linapopiga ubongo hutumia hata kile kidogo uliobaki nacho. Kisha ubongo huvimba, na fuvu halitanuki. Blantyre, Malawi, madaktari waliwapiga watoto wenye malaria ya ubongo picha za MRI wakati wanapokewa wodini. Matokeo yalitoka 2015: kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo. Lakini hata miongoni mwa 143 waliopona, zaidi ya robo walikuwa na uvimbe wa aina hiyo, kisha ukapungua wakarudi nyumbani.

Hao ndio ninaowafikiria kila siku, waliorudi nyumbani.

Mdogo wangu alilala siku tatu bila kufumbua macho, dripu ya kwinini mguuni. Alipoamka alimwomba mama uji. Wiki za mwanzo alitembea kama mtu anayevuka mto wenye mawe, kisha miguu ikarudi sawa, maneno yakarudi, kucheka kukarudi. Daktari alimtazama akaridhika, na kwa alivyokuwa anaonekana, hata mimi ningeridhika.

Kilichobaki kilikuwa kidogo mno kuitwa ugonjwa. Nilimtuma dukani akalete chumvi na kiberiti. Duka ni nyumba ya tatu. Akarudi na kiberiti. Nikamrudisha akafuate chumvi, na nilipochoka kungoja nikatoka kumtafuta. Nilimkuta amechuchumaa njiani, sarafu ingali kiganjani, anatazama msafara wa siafu. Hakuwa mkaidi. Nilipomwita alishtuka, akatazama ile sarafu kama vile mtu mwingine ndiye aliyemwekea, akaanza kulia. Mtoto huyuhuyu, miezi mitatu kabla ya kuugua, alikuwa akihesabu nazi za bibi mpaka ishirini bila kuruka hata moja.

Kisha kifafa kikaanza, bila homa. Hilo nalo lina hesabu yake: palepale Blantyre watafiti waliwafuatilia watoto 132 waliopona malaria ya ubongo, pamoja na wenzao 264 ambao hawakuipata. Katika wale 132, kumi na wawili walikuja kupata kifafa. Katika wale 264 hakuna hata mmoja. Kliniki ya wilaya ikampa mdogo wangu fenobabitoni, vidonge vidogo vyeupe vya miligramu 30, na akavimeza tangu akiwa na miaka mitano mpaka alipovuka kumi na moja.

Dawa hiyo nataka kuizungumzia kwa haki. Imetumika kutibu kifafa tangu 1912. Ni ya bei nafuu, haihitaji jokofu, na kwa mgonjwa aliye mbali na mji mara nyingi ndiyo pekee inayofika. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, daktari wa Kinorwe Louise Jilek-Aall alikuta watu wenye kifafa wametengwa, wengine wana makovu ya kuangukia motoni, na vidonge hivi ndivyo alivyoanzia kliniki yake mwanzoni mwa miaka ya sitini. Waliokuwa wakila peke yao kwenye vibanda walirudi kula na ndugu zao. Kwa mdogo wangu pia ilifanya kazi, maana kutoka kuanguka mara mbili kwa wiki alifika miezi minne hajaanguka.

Lakini ilikuja na mambo yake. Asubuhi alikuwa mzito, kichwa kinamwangukia kifuani mbele ya kikombe cha chai. Jioni, saa ambayo watoto wengine wamechoka, yeye ndiyo kwanza anawaka: anapanda, anashuka, anavunja, anagombana na paka. Usiku halali. Mama alilisema hilo kliniki, nami nilikuwepo nimemshikia kadi. Aliyekuwa akigawa dawa hakuinua macho. “Anaanguka?” Haanguki. “Basi dawa inafanya kazi.” Akaandika tarehe ya kurudi. Jambo hilo halikuandikwa mahali popote, na miaka yote iliyofuata swali likabaki lilelile moja: anaanguka?

Shuleni jina lake lilikuwa bongolala. Mwalimu wake wa darasa la pili aliandika ubaoni hesabu kumi. Mdogo wangu alinakili tatu vizuri kabisa, ya nne nusu, kisha ukurasa mtupu. Niliona daftari lile kwa macho yangu. Zile tatu alizipata zote. Mwalimu akapiga mstari mwekundu toka juu hadi chini, akaandika “mvivu”, na akamchapa. Nilikaa na daftari hilo mapajani jioni nzima nikijaribu kuelewa mvivu gani anapata kila anachokifanya.

Mimi leo ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku moja, zaidi ya miaka kumi iliyopita, baada ya kumwona mtoto mwingine akinakili mistari mitatu na kuachia ya nne katikati, nilianza kutafuta kwenye simu. Utafiti ulionikalisha chini ulifanyika jirani tu, Hospitali ya Mulago, Kampala. Michael Boivin, Paul Bangirana, Chandy John na wenzao waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria ya ubongo, wakawalinganisha na watoto wa mitaa hiyohiyo ambao hawakuugua. Kati ya vipimo walivyotumia kimoja ni cha kompyuta, na nikikieleza mtaona kwa nini nililia.

Mtoto anakaa mbele ya kioo, mkononi ana kitufe. Kinatokea kibox kimoja ndani ya kingine, mara kimekaa juu, mara chini. Kikikaa juu abonyeze, kikikaa chini aache. Basi. Hakuna kusoma, hakuna kuhesabu, na kinachosha kwa makusudi, kwa sababu kinachopimwa ni umakini wenyewe: mara ngapi amepitwa akasahau kubonyeza, na mara ngapi mkono umemponyoka akabonyeza pasipotakiwa. Nilipokisoma nikaona sarafu kiganjani na siafu njiani. Kumbe kuna watu waliotengeneza mashine ya kupima kitu kile.

Miaka miwili baada ya kupona, watoto 26.3 katika kila 100 waliokuwa wameugua malaria ya ubongo walikuwa na upungufu katika uwezo wa kufikiri. Kwa wenzao wa mtaani walikuwa 7.6. Na upungufu wenyewe ulilalia zaidi upande wa umakini: 18.4 kwa 100, dhidi ya 2.5. Mtu atasema labda ni umaskini, labda ni njaa, labda nyumbani hawasomi. Waliyaweka hayo kwenye hesabu, umri, lishe, mazingira ya nyumbani na kiwango cha shule, na bado hatari ilibaki zaidi ya mara tatu na nusu. Matokeo hayo yalichapishwa 2008. Mdogo wangu wakati huo alikuwa na miaka kumi na minane, ameshaacha shule miaka mitano.

Kilifi, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Horohoro, walikuwa wameona jambo jingine ambalo akina mama wa pwani wanastahili kulijua. Katika kila watoto 100 waliopoteza fahamu kwa malaria, 24 walibaki na athari kwenye ubongo. Lakini kundi jingine, waliopata malaria yenye degedege zito bila kuzama katika usingizi ule wa kutoamka, nalo lilikuwa na 24 kwa 100, wakati kwa wasiougua ilikuwa 10. Degedege zito ninalosema ni lile linalorefuka, linalojirudia katika homa ileile, au linalokamata upande mmoja wa mwili. Lile fupi la homa, linalopita mara moja na mtoto akaamka akamtambua mama yake, kwa kawaida haliachi alama kwenye akili. Nalisema wazi kwa sababu najua kuna mama anasoma hapa huku moyo unamdunda. Degedege likija, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na mpeleke apimwe malaria siku hiyohiyo.

Sasa nirudi kwenye dawa. Kilifi hukohuko Jane Crawley, Charles Newton na wenzao waliuliza swali ambalo kila mtu aliyesimama kwenye wodi ya watoto angeliuliza: kama degedege linaumiza ubongo, kwa nini tusilizuie kabla halijaja? Waliwachukua watoto 340 wenye malaria ya ubongo. Nusu walichomwa sindano moja ya fenobabitoni, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, nusu wakachomwa sindano isiyo na dawa. Degedege lilipungua kweli: waliopigwa mara tatu au zaidi walikuwa 11 kwa 100, badala ya 27. Ukiishia hapo utasema dawa imeshinda. Lakini waliofariki katika waliopata dawa walikuwa 30, na katika wasiopata 14. Dawa ilituliza degedege, na wengine ikawazimia pumzi pamoja nalo, hasa waliokuwa wameshachomwa diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza degedege, mara kadhaa.

Nimeusoma utafiti huo mara nyingi, na kila nikiufikia najikuta namkumbuka bibi. Sitasema alikuwa sahihi. Sindano ya malaria ndiyo iliyomwokoa mjukuu wake, na leo tuna iliyo bora zaidi, atesuneti, ambayo mwaka 2010 ilionyeshwa kwa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, wa Muheza kwetu wakiwemo, kwamba inashusha vifo hadi 8.5 kwa 100 kutoka 10.9 vya kwinini. Ninachosema ni kwamba kuna watu waliokuwa tayari kuhesabu maiti za upande wa dawa yao wenyewe, wakaandika namba kama zilivyo, 2000, kila mtu asome. Hilo ndilo ambalo kliniki yetu haikulifanya hata kwa jambo dogo la mtoto asiyelala usiku.

Tena miaka minne kabla mdogo wangu hajaugua, Marekani walikuwa wameshapima dawa hiyo kwa upande wa akili. Huko ilikuwa desturi kuwapa watoto fenobabitoni kila siku ili wasipate degedege la homa tena. Watafiti waliwagawa watoto 217 wa miezi 8 hadi 36, kundi moja likapewa dawa, jingine dawa bandia isiyo na kitu. Baada ya miaka miwili kipimo cha akili cha waliopewa dawa kilikuwa chini kwa pointi 7 hivi, na miezi sita baada ya kuiacha bado kilikuwa chini kwa pointi 5. Na degedege lenyewe halikupungua. Watoto walilipia kitu wasichokipata.

Hata hivyo sitaki mtu aondoke hapa akamnyang'anye mtoto vidonge. Mtoto wa Marekani wa degedege la homa si mtoto wa kifafa. Kule Bengali Magharibi, India, walilinganisha fenobabitoni na dawa nyingine ya kifafa, fenitoini, kwa watoto 94 wa vijijini. Matokeo yalitoka 1998, na tabia za watoto hazikuharibika zaidi upande wa fenobabitoni. Kwa watoto kama mdogo wangu malaria imepita kichwani, kifafa kinapita, na dawa nayo inapita, na hakuna kipimo cha kumchambua mtoto mmoja ukasema huku ni ugonjwa, huku ni dawa. Ndiyo maana nataka kila kliniki iulize maswali matatu badala ya moja. Anaanguka? Analala? Shuleni anaendeleaje? Dozi inaweza kupunguzwa, dawa inaweza kubadilishwa, lakini ni kwa aliyeuliza.

Kuiacha ghafla ni hatari, nasi tuliionja. Nilikuwa darasa la saba. Vidonge viliisha zahanati, tukaambiwa turudi wiki ijayo. Siku ya tatu mdogo wangu alianza kuanguka asubuhi, akaanguka tena kabla hajaamka vizuri, na tena, mpaka adhuhuri. Mama alikuwa ameketi sakafuni, kichwa cha mtoto juu ya mapaja yake, anamfuta mdomo kwa pindo la kanga, hasemi neno. Mwili uliozoea dawa hii hauachishwi ila polepole, wiki kwa wiki, mkono wa daktari ukiwepo. Mwenye mtoto anayeitumia ahesabu vidonge vilivyobaki kabla ya Ijumaa.

Kampala hawakuishia kupima. Bangirana na wenzake waliwaketisha baadhi ya watoto hao mbele ya kompyuta kwa vipindi 16 katika wiki 8, michezo ya kufundisha kutulia, kukumbuka na kungoja, na watoto wakasogea mbele kwenye baadhi ya vipimo. Shule yangu haina kompyuta ya kumpa mtoto. Nina chaki. Kwa hiyo nimeacha kuandika hesabu kumi kwa mkupuo. Naandika tatu, nafuta, naandika tatu nyingine. Anayepotea namkalisha mbele mbali na dirisha, namgusa bega kabla ya kusema naye, na namtuma kitu kimoja tu kwa wakati. Na mzazi akija kuandikisha mtoto darasa la kwanza namuuliza, polepole, bila kumtisha: “Mama, mtoto huyu amewahi kuugua malaria akapoteza fahamu? Amewahi kupata degedege kali?” Wengi hunishangaa. Hujibu, “Ndiyo, mwalimu, lakini alipona.”

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima, hajaanguka miaka mingi. Ana kitalu cha miche ya michungwa nyuma ya nyumba ya mama. Anabebesha chungwa juu ya shina la mlimao: anachana gome kwa kisu kidogo, anachomeka jicho, anafunga utepe wa nailoni, anaenda kwa mche unaofuata. Kila mche ni kazi fupi yenye mwanzo na mwisho, na mkono wake katika hilo ni mwepesi kuliko wa mtu yeyote niliyemwona Muheza.

Likizo iliyopita nilikaa naye kivulini akifanya kazi. Mfuko wake wa kushoto ulikuwa umejaa kokoto. Kila akimaliza miche kumi alitoa kokoto moja akaitupia kwenye kopo. Nilimuuliza ni za nini.

“Dada, mimi nikihesabu napotea,” alisema, macho yapo kwenye kisu. “Kokoto haipotei.”

Jioni tulimwaga kopo mkekani tukahesabu pamoja. Zilikuwa ishirini na tatu.